Picha Iliyopelekwa Mlangoni

Nyie mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilikoishia: sebuleni kwetu, kaka yangu mkubwa amesimama katikati ya ndugu, fremu kifuani kama mtu aliyeshinda kombe, na mimi hasira zimenipanda mpaka masikio yanavuma.

Kwa anayeingia leo, mambo yako hivi. Baba yetu ametutoka. Ameacha nyumba moja, mjane mmoja ambaye ni mama yetu, na watoto watatu: kaka, mimi, na mdogo wangu wa kike. Mimi naishi chumba cha uani cha nyumba hiyo hiyo tangu mume wangu aliponitoa kwake bila kunipa hata sufuria. Hayo niliyasimulia, siyarudii, yananitia kichefuchefu.

Kazi yangu ni kusafisha picha, studio. Sisafishi kwa sabuni. Nakaa kwenye kompyuta, natoa chunusi, nafuta mikunjo, nafumbua macho ya bwana harusi aliyesinzia, halafu narekebisha rangi mpaka unachokiona kwenye skrini kiwe ndicho kitakachotoka kwenye karatasi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi.

Kaka anataka kuuza nyumba. Mimi sitaki, kwa sababu ikiuzwa sina pa kulaza ubavu. Baba alikufa bila kusema ni ya nani. Ndivyo nilivyojua, mpaka kaka alipochomoa ile picha.

"Mnaniita mwongo," alisema. "Haya, mtazameni baba mwenyewe!"

Kwenye picha, baba amekaa kwenye kiti chake, kanyoosha mkono, na mkononi ameshika ufunguo. Mbele yake kaka ameinama kwa adabu zote, mikono miwili mbele, anapokea.

Ndugu wakaguna. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo na ndiye tuliyemwachia aamue, akavaa miwani, akaitazama picha, akavua miwani.

"Picha haisemi uongo," akasema.

Nikacheka. Jamani, nilishindwa kujizuia. Mimi ninayekula kwa sababu picha zinasema uongo kuanzia asubuhi mpaka jioni!

"Unacheka msibani?" kaka akafoka.

"Nakucheka wewe. Nipe hiyo picha niishike."

"Ya nini?"

"Ni baba yangu pia. Au yeye umeshamuuza?"

"Mpe," akasema baba mdogo.

Sebule ilikuwa na kiza ingawa ni mchana. Tangu msiba uingie mama alikuwa hataki mapazia yafunguliwe, anasema mwanga unamuumiza macho, kwa hiyo tulikuwa tunakaa na balbu ya njano inawaka muda wote. Nikaisogeza fremu chini ya balbu ile.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kifungo.

Baba alikuwa na shati la kijivu alilolipenda kuliko watoto wake. Kifungo cha pili kutoka juu hakikuwepo. Kila mama alipotaka kukishona, baba alikataa. "Acha, hapo ndipo hewa inapoingilia," anasema, na mjadala umekwisha. Shati lenyewe liko kabatini mpaka leo, tundu lipo, kifungo hakipo.

Sasa, baba alipofariki, mimi ndiye niliyeandaa picha yake kubwa ya kuweka sebuleni watu wanapokuja kutoa pole. Nilichukua picha niliyompiga mwenyewe kibarazani, amevaa shati lile. Nikaisafisha. Na kwa kuwa nilikuwa nalia na sikujua kingine cha kumfanyia, nikachukua kifungo cha tatu, nikakinakili, nikakibandika mahali pa kile cha pili. Nikampa kifungo alichokikataa maisha yake yote.

Kwa hiyo baba mwenye kifungo hicho hajawahi kukaa kwenye kiti chochote duniani. Nilimtengeneza mimi, akiwa tayari ameshakufa. Na ndiye huyu hapa anampa kaka ufunguo.

Damu ilinichemka! Mtu ameingiza mkono kwenye machozi yangu, akachota, akaenda kutengenezea utapeli.

"Baba mdogo," nikasema, "hebu niambie. Shati hili baba alikuwa na kifungo hapa?"

Baba mdogo akasogeza pua kwenye kioo cha fremu. "Hapo... hapakuwa na kifungo. Hata mimi nilikuwa namtania."

"Mama alikishona!" kaka akarukia. "Kilishonwa kisha kikang'oka tena. Vifungo havifi?"

Nikamgeukia mama. "Mama, ulikishona?"

Mama alikuwa amekaa mkekani, anatazama mikono yake.

"Sikumbuki," akasema.

Hakumbuki! Mama huyu huyu anayekumbuka rangi ya viatu vya mgeni aliyekuja mimi sijazaliwa. Nikajua anamkingia mwanawe wa kiume, kama kawaida, na ndipo nilipozidi kuwaka.

"Sawa. Kifungo hicho nilikibandika mimi kwenye picha ya msiba, lakini tukiache. Tazameni vidole."

Nikawaonyesha. Ile picha ya kibarazani, baba alikuwa ananinyooshea kikombe kitupu nikirudishe jikoni. Kwenye picha kubwa nilimkata juu ya kiwiko, kikombe hakikuonekana. Huyu tapeli amekuta picha nzima niliyoisafisha kabla ya kuikata, akatoa kikombe, akachomeka ufunguo. Vidole akaviacha vilevile.

"Nani anashika ufunguo kama ameshika sikio la kikombe cha chai? Kidole kimepita kwenye hewa!"

Jirani mmoja akaachia kicheko, akajifanya anakohoa.

"Baba alikuwa mgonjwa," kaka akasema. "Mgonjwa anashika anavyoweza. Wewe unadhani kila mtu ni maandazi kama wateja wako, wa kuumbwaumbwa?"

"Kaka, usinichokoze."

"Mchora nyuso wewe! Unabishana na marehemu?"

Hapo ndipo nilipoamua kumaliza mchezo.

Studio kwetu kuna sheria moja ambayo hata ukiwa umechelewa, hata bwana harusi awe anagonga kaunta, haivunjwi. Hakuna picha inayotoka bila kupelekwa mlangoni. Unaichapa, unaichukua, unakwenda kusimama nayo mlangoni kwenye mwanga wa nje, si juani, kivulini, unaitazama huko. Balbu ni mwongo. Balbu ya njano inakula bluu yote, hata maiti chini ya balbu ya njano anaonekana ametoka saluni. Mlangoni ndiko kila rangi inakojisema.

Nikaichomoa picha kwenye fremu. "Nifuateni nje. Wote."

"Nje kufanya nini?" kaka akauliza.

"Kumwona baba."

Wakatoka. Mama alitoka wa mwisho, ameshika mlango, mkono mwingine umekinga macho. Mdogo wangu alikuwa na sinia la glasi za maji, akasimama nalo bila kumgawia mtu.

Nikainyanyua picha.

Sikuhitaji kusema neno. Baba alikuwa bluu. Uso bluu, sikio bluu, mkono wenye ufunguo bluu, kama mtu aliyetolewa kisimani. Na kaka hapo mbele yake ni mwekundu-njano, amebabuka kama mkate uliosahauliwa kwenye oveni.

"Baba yuko nje kivulini," nikasema. "Kivulini ngozi inavuta bluu. Wewe kaka uko ndani chini ya balbu, na shati hilo ni la siku uliyopewa zawadi kazini kwenu, kila mtu hapa anaijua. Sasa nijibu. Huo ufunguo mlipeana kupitia ukuta?"

Watu wakacheka, safari hii bila kukohoa. Baba mdogo aliishika picha, akaingia nayo ndani, akatoka nayo, akaingia, akatoka. Kila akitoka baba anageuka bluu.

"Kumbe," akasema. Kisha akamtazama kaka. "Kumbe!"

Kaka alilowa jasho. "Picha nilipewa! Nilipewa imefungwa kwenye gazeti. Mimi kompyuta nitaijulia wapi? Hata saa ya simu yangu naomba watu waniwekee!"

Hilo ni kweli. Simu yake mwaka mzima iko nyuma ya wakati.

"Lakini ufunguo nilipewa," akaendelea. "Wallahi baba mdogo, baba alinipa kwa mkono wake. Picha ni ya uongo, jambo lenyewe ni la kweli."

"Nani alikupa picha?" nikamvaa.

"Nimeapa sitasema."

"Umeapa! Mwizi naye ana viapo!"

Wasomaji wangu, nawaambieni hili ili mnijue nilivyo. Mimi nikikasirika siishii pale penye kutosha. Nilikuwa nimeshashinda. Ningekaa kimya, ningeingia chumbani kwangu, ningelala kwa amani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini baba yangu alikuwa amekatwakatwa na kubandikwa kama tangazo, na nilitaka mtu alie.

"Baba mdogo, nataka hukumu. Sasa hivi, mbele ya wote. Aliyefanya kazi hii, aliyemshika baba yangu akamgeuza mdoli, atoke kwenye nyumba hii. Leo leo, jua halijazama. Na asiwe na sauti tena juu ya nyumba hii, iuzwe isiuzwe."

"Dada, usiseme hivyo," mdogo wangu akasema. Glasi zilikuwa zinagongana kwenye sinia.

"Wewe nyamaza, gawa maji."

"Mwanangu," mama akasema, "punguza hasira."

"Sipunguzi! Nimepunguza tangu nizaliwe!"

"Aliyefanya ni nani, hatujui bado," baba mdogo akasema taratibu. "Una uhakika unataka hivyo?"

"Awe nani, baba mdogo. Awe aliyenibeba mgongoni."

Baba mdogo akawazungukia ndugu kwa macho, mmoja mmoja. Wakakubali. Hata kaka akakubali, ila kwanza alimtazama mama. Nikadhani anaomba huruma. Nikafurahi.

"Haya," baba mdogo akasema. "Imepita. Atoke, awe nani." Akaishika picha nyuma ya mgongo, akafikiri. "Sasa mwanangu, nikuulize wewe fundi. Katika ukoo huu, nani anajua kufanya kitu kama hiki?"

Nikasikia macho yananipata mgongoni, ubavuni, usoni. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Mnanitazama nini? Mimi nijitengenezee picha ya kujifukuzia?"

"Kwa nini isiwe wewe?" kaka akasema. Alikuwa ameshapata pumzi. "Kifungo umesema ni chako. Kikombe umesema ulikipiga picha wewe. Umetengeneza picha mbovu makusudi, ukaipitisha kwa mtu inifikie, ili nije niaibike mbele ya watu. Na nimeaibika. Hongera!"

Wee! Ndugu wakaanza kunong'ona. Yule jirani mwenye kicheko akatikisa kichwa kabisa, kama daktari aliyeona ugonjwa.

"Hiyo haiwezekani," nikasema. "Nisikilizeni. Sisi studio skrini zetu zinapimwa. Kuna kidude kinabandikwa kwenye uso wa skrini, kinasoma rangi, kinairudisha mahali pake, ili skrini na karatasi ziseme lugha moja. Kwenye skrini kama ile, bluu hii ningeiona nikiwa nimefumba jicho moja. Mtoto angeiona. Aliyefanya hivi hakuiona kwa sababu skrini yake haioni bluu. Ni skrini kuukuu, bluu yake imekufa, anga kwenye skrini ya namna hiyo linatoka kama maji ya kuoshea vyombo, kwa hiyo baba na kaka wamelingana pale, akaridhika, akachapa, kumbe karatasi..."

Nikanyamaza.

Maji ya kuoshea vyombo. Hayo maneno nilikuwa nayasema kila siku. Nilikuwa nayasema juu ya skrini iliyoko chumbani kwangu, ile iliyotupwa na studio nikaiomba, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani, kwa ajili ya kusafishia madoa na mikwaruzo ya picha za zamani zisizo na rangi.

"Malizia," kaka akasema.

Nikageuka kutazama upande wa uani.

"Skrini kama hiyo iko wapi?" baba mdogo akauliza.

Mtu asijione anajua sana kuongea. Nilikuwa nimejenga kesi tofali kwa tofali, nikapaka na plasta, nikajikuta niko ndani na mlango sijauweka.

"Iko chumbani kwangu," nikasema.

Kelele zilizotoka pale sizisimulii. Kaka alikuwa anacheka mpaka anashika magoti. Baba mdogo aliinua mkono wakanyamaza.

"Nenda ukaiwashe. Tunakuja kuangalia. Kama kazi iko humo, hukumu umeitoa mwenyewe."

Nilipita uani kama naelekea kunyongwa. Nikasukuma mlango wa chumba changu.

Kompyuta ilikuwa imeshawashwa. Mdogo wangu alikuwa ametangulia bila mtu kumwona, amekaa kitandani, sinia liko sakafuni, na kwenye skrini ile ya anga chafu kulikuwa na baba na ufunguo wake. Pale wamelingana kabisa, baba na kaka, rangi moja, watu wa familia moja. Hapo chini kazi nzima imepangwa tabaka kwa tabaka, na tabaka la mwanzo kabisa limeandikwa jina: USIGUSE.

Hivyo ndivyo ninavyofundisha. Tabaka la kwanza linabaki picha asili, huligusi, unaliandika hivyo ili usije ukalisahau. Na mtu niliyemfundisha hivyo duniani ni mmoja.

"Wewe," nikasema.

Akaanza kulia.

"Wewe! Nimekupa kompyuta yangu, nimekupa kitanda changu unapogombana na mama, nimekufundisha kazi kwa mkono wangu! Unanifukuza?"

"Dada, nisikilize."

"Nikusikilize nini? Kaka amekuahidi nini?"

"Kaka sijaongea naye kabisa! Dada, si uliniambia skrini hii ni ya madoa, si ya rangi? Si uliniambia mara ngapi? Ningetaka kulinganisha rangi ningekuja studio kwenu. Nilifanya hapa makusudi. Nilikuachia bluu. Nilikuachia kifungo, na nilijua ni chako, nilikuwa nimekaa nyuma yako unakitengeneza. Nilikuachia na vidole. Nilijua utaipeleka mlangoni. Sikuweza kukataa kuifanya, basi nikaifanya ili wewe uione."

Nikakaa kwenye kiti.

"Ulishindwa kuniambia kwa mdomo?"

"Niliapishwa. Ningevunja kiapo, aliyeniapisha angejua tu ni mimi niliyekuambia." Akajifuta pua kwa mkono. "Na sikujua utataka mtu afukuzwe. Nilisema dada usiseme. Ukaniambia nigawe maji."

Nilimwambia agawe maji. Hilo linaniuma mpaka ninapoandika hapa.

"Nani alikuapisha?"

"Mimi," sauti ikasema mlangoni.

Mama aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama akifinya macho kwa mwanga wa skrini.

Niliinuka. "Mama! Ni wewe?"

"Ni mimi. Mtoto nimemlazimisha, usimguse."

"Unataka kunitupa nje kwa ajili yake? Kwa ajili ya yule anayekuja kukuona sikukuu hadi sikukuu?"

"Baba yako alimpa ufunguo," mama akasema. "Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshikilia mgongo ili akae. Alimwita kaka yako, akampa, akamwambia nyumba iko kwako. Mtu wa kupiga picha hakuwepo."

"Kwa nini usiseme basi? Una mdomo!"

"Nilisema. Tulipotoka kuzika, nilikuambia wewe wa kwanza, hapa hapa kwenye kitanda hiki. Ukaniambia kilio kimenichanganya, nikalale."

Nilikumbuka. Nilisema hivyo hivyo, na nilimfunika shuka kabisa.

"Wewe huamini kitu mpaka ukione," mama akasema. "Tangu uanze kazi yako hiyo, mtu akikuambia jambo unamuuliza picha iko wapi. Basi nikakuletea picha."

Nilimtazama. Kazi yangu ni nyuso. Nikikuza uso wa mtu mpaka ujaze skrini najua alikuwa anacheka kweli au anacheka kwa ajili ya mpiga picha. Nilimtafuta mama kwenye uso wake nijue kama ni kweli au anamwokoa mwanawe, nikashindwa. Macho yake yalikuwa yamevimba tu.

"Na mimi?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo, nikaichukia. "Nyumba akipewa kaka, mimi nikakae wapi?"

"Hilo nilimuuliza baba yako papo hapo, na ufunguo bado uko mkononi kwake. Nilimuuliza, na huyu binti?"

"Akasema nini?"

Mama akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Mlango ukafunguka. Baba mdogo mbele, kaka nyuma yake, na nyuma ya kaka shingo za ndugu wote, hata yule jirani. Baba mdogo akaangalia skrini, baba na ufunguo, USIGUSE na kila kitu.

"Kumbe iko humu," akasema. Nilidhani atafurahi, lakini alionekana mzee ghafla. "Mwanangu, kweli ni wewe?"

"Siyo yeye," mdogo wangu akasema. Akasimama, ananyoosha gauni kama mtu anayeitwa mbele ya darasa. "Ni mimi. Kazi ni ya mikono yangu."

Minong'ono ikaenda mpaka uani. Kaka akainamisha kichwa.

"Wewe?" baba mdogo akasema. "Basi... kama tulivyokubaliana. Jua halijazama. Kachukue nguo zako, binti."

Atoke aende wapi? Mdogo wangu huyo hajawahi kulala nje ya nyumba ile. Nilimwona anaelekea mlangoni, anapiga hatua kweli, na kaka amempisha, amempisha jamani, hana hata neno la kusema! Yule anayeshika nyumba ndiye aliyempisha. Hasira ikanirudia yote, ile ya asubuhi na ile ya miaka, ikapita kichwani bila kubisha hodi.

"Asitoke!" nikapiga kelele. "Yeye ametumwa! Ni mama! Mama ndiye aliyefanya, mama ndiye aliyemwapisha, mama ndiye aliyempa kaka picha. Muulizeni! Kaka, sema! Si mama?"

Kaka alimtazama mama tena, vilevile kama kule mlangoni, na sasa nikaelewa lile jicho lilikuwa la nini.

Hata jirani akarudi nyuma hatua moja.

Nilisikia feni ya kompyuta inavyozunguka. Nikasikia na maneno yangu, yale ya mlangoni, yakirudi moja moja. Aliyefanya kazi hii. Atoke. Awe aliyenibeba mgongoni.

"Shemeji," baba mdogo akasema, hakujua aangalie wapi. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Lakini shemeji, wewe ndiye mwenye... Hapana. Hiki kitu tulikisema kwa hasira. Tukifute."

"Mlikikubali," mama akasema. "Wote mlitikisa vichwa, niliwaona. Binti yangu alitaka hukumu, ameipata. Sitaki mtu anihurumie kwenye nyumba niliyoikandika mwenyewe nikiwa na mimba ya huyu." Akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Mama, sikujua..."

"Ulisema awe nani."

Akajifunga mtandio kichwani, taratibu, akaukaza. Akapita katikati yao, wakampisha. Nikamfuata mbio, nikamkuta chumbani kwake ameshakunja shuka, ameshatoa mto wa baba, analikunja godoro lake peke yake na godoro linakataa, linajikunjua.

"Mama," nikasema. "Baba alisema nini? Ulipomuuliza kuhusu mimi, alisema nini?"

Hakugeuka. Aliweka goti juu ya godoro, akalikandamiza.

"Mama, nakuomba. Alisema nini?"

"Njoo kwanza," akasema, "unishikie godoro upande huo."